Ngawa na Sanduku la Radi

Umeme ulipofika Mabawani, mgeni wa kwanza aliyeufuata alikuwa Ngawa. Hakuja na redio wala pasi. Alikuja na sanduku la bati lenye feni upande mmoja na swichi ya kuzungusha upande wa pili, kalifunga kwenye karia ya baiskeli kwa mpira mweusi, na kabla hajasalimia alisimama katikati ya uwanja, akavuta hewa kwa pua, akakunja uso kwa huruma.

"Poleni," alisema. "Mna harufu."

Hapana aliyebisha. Mabawani ni kijiji cha ndege, na ndege wakikaa pamoja harufu haikosi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa hivyo na mgeni, tena mgeni mwenyewe Ngawa, ambaye jamaa zake Ethiopia hufugwa vizimbani kwa ajili ya zabadi inayotoka chini ya mkia wao, na ambaye yeye mwenyewe hapiti kwenye kigogo usiku bila kukipaka. Ila ukiwa na mkoba wa ngozi na vipeperushi vya rangi, hapana anayekuuliza unatoa nini chini ya mkia.

"Marashi yanafunika," aliendelea. "Udi unafunika. Chombo hiki kinaua. Oksijeni mnayovuta nyie ni ya chembe mbili mbili. Chombo hiki kinatengeneza ya chembe tatu. Inaitwa ozoni. Ni ile hewa tamu inayobaki radi ikishapiga. Tabaka lake ndilo linaloikinga dunia na jua, na mimi nimekuleteeni kipande cha tabaka hilo mpaka sebuleni. Huko Nice, Ufaransa, maji ya mji mzima yanasafishwa kwa gesi hii tangu 1906."

Kasuku, katibu wa kijiji, alikuwa ameshayashika yote kwa moyo kabla Ngawa hajamaliza kuyasema.

Na la kuudhi ni kwamba Ngawa hakusema uongo. Oksijeni hiyo ina chembe tatu kweli. Harufu yake mkemia Christian Friedrich Schönbein aliinusa maabarani mwake huko Basel, Uswisi, mwaka 1839, alipokuwa akipitisha umeme majini. Tabaka linatukinga kweli, isipokuwa liko kilomita 15 mpaka 35 juu, mahali ambapo hata tai hajengi. Na maji ya Nice yalisafishwa kweli, ndani ya mitambo iliyofungwa, wala hapana aliyekuwa akilala humo. Ngawa alichokiacha ni kwamba ile chembe ya tatu haitulii. Inatafuta cha kushika, na ikishashika inakibadilisha: uvundo, mpira, rangi ya ukuta, mafuta ya ngozi, utando laini wa mapafu. Haina orodha ya kipi ni uchafu na kipi ni mwenye nyumba.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Mwenyekiti Bata Mzinga.

Alikuwa na sababu. Binti yake Siti alikuwa ameposwa na ukoo wa Tausi wa mjini, na wakwe walikuwa wamepeleka salamu kwamba watakuja kuangaliana nyuso kabla ya kutaja mahari. Nyumba ya Mwenyekiti ndiyo pekee kijijini yenye zulia, kochi na dari ya mbao. Ilikuwa pia na uvundo. Tangu masika bati moja juu ya chumba cha wageni lilikuwa limetoboka kwa kutu. Maji yalipita darini, yakashuka nyuma ya kabati, na ukuta ukaota kuvu jeusi. Mama Siti alikuwa akilisemea bati hilo tangu mvua za mwanzo. Lakini kupanda juu ya paa mchana kweupe kunaonekana na kila mtu, na Mwenyekiti aliyekwisha kusema mkutanoni kwamba nyumba yake ni mfano wa kuigwa hawezi kuonekana anaziba tundu. Sanduku liliingizwa kwa mlango wa mbele, watoto wakishangilia.

Waliliweka chumba cha wageni, wakafunga madirisha, wakawasha. Mama Siti alipoingia baada ya saa mbili alisimama mlangoni akatabasamu. Uvundo hakuusikia. Alisikia kitu kikali, kibichi, kama asubuhi ya baada ya radi, na akaamini moja kwa moja kwamba hivyo ndivyo usafi unavyonukia. Akamwita mumewe, akamwita jirani yake Bi Kanga, wakakaa humo wote wakinywa chai. Baada ya muda hapana aliyesikia tena chochote.

"Mbona limeacha kufanya kazi?" akauliza Bi Kanga.

Halikuwa limeacha. Pua ndizo zilizoacha. Pua ikikaa na ozoni huizoea na kunyamaza, hali gesi yenyewe ipo pale pale au imezidi. Lakini wao walikuwa wamelipia harufu ya radi na walitaka kuisikia, kwa hiyo Mwenyekiti akazungusha swichi. Wakaisikia tena, wakafurahi, pua zikazoea, akazungusha tena. Mpaka jioni swichi ilikuwa imefika mwisho wake. Usiku kifaranga wa mwisho alianza kukohoa, akafuatiwa na wenzake, na Siti akalalamika kifua kinambana akivuta pumzi.

Alfajiri wakampelekea habari Ngawa, aliyekuwa bado kijijini, amepanga chumba cha uani kwa Bi Kanga na kuacha madirisha yake wazi usiku kucha.

"Huo ni uchafu unatoka," alisema Ngawa. "Msiogope. Anayekohoa ndiye aliyekuwa mchafu zaidi."

Hapo mtu angetegemea ndege, kuliko mnyama mwingine yeyote, washtuke. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na ndege mdogo kizimbani kwa kuwa hewa mbovu humdhuru yeye kabla ya mchimbaji. Desturi hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980. Akianguka yule, wenzake hukimbia. Mabawani walianguka wao wenyewe, wakasimama, wakaomba waongezewe muda wa kulipa ili nao wanunue.

Kwa kuwa sanduku lilikuwa linaua, Mama Siti aliona vema kulisaidia. Alinunua sabuni ya maji yenye harufu ya limau akapiga deki nyumba nzima, akafuta meza, akafuta madirisha, kisha akafunga na kuwasha. Hilo ndilo baya kuliko yote aliyoyafanya kwa nia njema. Kile kinachoipa sabuni harufu ya limau ni kitu ambacho ozoni hukipenda sana. Vikikutana hewani huzaa vumbi jembamba lisiloonekana, linaloshuka hadi chini kabisa ya mapafu, na pamoja nalo huzaa fomalidehaidi, ambayo ikiyeyushwa katika maji ndiyo fomalini wanayohifadhia maiti. Mama Siti aliingia na malimau, akatoka na chumba cha maiti, na asijue, kwa sababu pua ilikuwa imeshalala.

Aliyejua alikuwa Mzee Buku.

Mzee Buku ni panya buku, na huishi chini ya kinu cha kusaga unga. Jamaa zake wa Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundishwa kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi ambayo darubini imeyapitisha kuwa ni salama. Yeye mwenyewe ujana wake aliumaliza katika ghala la bandari ya Tanga, akisoma maandishi ya maboksi kabla ya kuyatafuna. Kwa hiyo katika mambo ya pua na ya vifungashio hakuna mtaalamu wa kumzidi pwani nzima. Lakini ni panya. Mabawani mwenye kuishi chini ya kinu hamfundishi mwenye kuishi chini ya dari.

Alipita uani kwa Mwenyekiti akielekea sokoni, akasimama ghafla.

"Shikamoo, Mzee Buku," alisalimu Mama Siti.

"Marahaba, mwanangu. Nani amefariki?"

"Astaghfirullah! Hakuna aliyefariki. Tunasafisha hewa."

Mzee Buku aliomba ruhusa ya kuingia, akapewa kwa shingo upande, kwa sharti asikanyage zulia. Hakukaa ndani. Alitoka na ule mpira mweusi ambao sanduku lilikuwa limefungiwa, akaukunja mbele ya Mama Siti. Ulikuwa umepasuka nyufa nyufa mgongo mzima, ungedhani umeachwa juani miaka.

"Mpira huu umekaa karibu na sanduku, haujafanya kosa jingine," alisema. "Sasa hebu niambie, mapafu ya wale watoto wako ni magumu kuliko mpira wa baiskeli?"

Mama Siti alinyamaza. Akasema atamwambia baba Siti.

Baba Siti alijibu kwa kuitisha mkutano. Ajenda, kama Kasuku alivyoiandika, ilikuwa moja: kuundwa kwa Kamati ya Hewa Safi na kutolewa kwa hati kwa kaya ya mfano. Wajumbe wa kamati walichaguliwa kwa kigezo cha uzoefu, yaani wale waliokuwa wameshakaa na sanduku. Waliingia chumba cha wageni mmoja mmoja, wakanusa, wakatoka wakisema hakuna harufu yoyote. Walisema kweli tupu. Kamati ya pua zilizokufa haiwezi kutoa jibu jingine, na nimeona kamati nyingi za wasio ndege zikiundwa kwa kigezo kile kile.

Mzee Buku aliomba neno. Alipewa dakika moja.

"Mwenyekiti, wako mafundi wanaotumia gesi hii kweli, wale wa nyumba zilizoungua moto. Wanatoa watu, wanatoa paka, wanatoa hata vyungu vya maua, ndipo wanawasha, kisha wanafungua madirisha na kusubiri. Sisi tumeweka kochi tukanywa chai. Kiasi kisichokudhuru hakiondoi kuvu. Kiasi kinachoondoa kuvu hakikuachi na wewe. Na hilo la ukutani, hata likifa, mzoga wake unakohoza vile vile. Halafu lina mizizi ndani ya mbao ambako gesi haifiki. Kule California, Marekani, walitunga sheria mwaka 2006, na kanuni zake zinasema kisafisha hewa cha nyumbani kisizidishe ozoni sehemu 50 katika kila sehemu bilioni za hewa. Kinachotoa zaidi ya hapo lazima kiandikwe wazi kwamba ni cha viwandani. Mimi maboksi ya namna hii nimeyala. Naomba tuligeuze sanduku tusome kilichoandikwa chini."

"Kugeuza sanduku la Mwenyekiti!" alisema Ngawa kwa masikitiko.

Uwanja mzima ukaguna. Bata Mzinga alisimama kujibu. Undu wake wa shingoni uligeuka kutoka mwekundu hadi buluu, kifua kikajaa, akaanza kueleza kwamba kijiji kisichopenda maendeleo hujulikana kwa panya wake. Alikuwa amefika kwenye neno "heshima" mpira wa kaptula yake ulipokatika. Nguo zake zote zilikuwa zikikaa katika lile kabati la chumba cha wageni. Kaptula ilishuka bila haraka mbele ya wajumbe, na Kasuku, kwa kuwa kazi yake ni kunakili, akaiandika katika kumbukumbu za mkutano.

Usiku ule sanduku lilizimwa. Tuseme ukweli, halikuzimwa kwa sababu ya hoja za Mzee Buku. Kaptula ilikuwa moja ya tano, na zote zilikuwa zimekatika.

Waliamini yameisha. Ozoni yenyewe haikai sana. Ukizima na kufungua madirisha, katika saa chache huwa imekwisha kuliwa na kuta na vitambaa. Siku ya pili Mama Siti alikwenda kwa dadake ng'ambo ya mto, akalala huko, pua yake ikapumzika, na aliporudi akasimama kwenye kizingiti asiamini. Nyumba ilikuwa inanuka. Haikuwa radi, haukuwa ule uvundo wa zamani. Ilikuwa harufu tamu-tamu yenye uchovu, ya mshumaa wa zamani, ya mafuta yaliyochacha, na chini yake kitu cha plastiki. Ilikuwa kwenye mito, kwenye zulia, kwenye mapazia, kwenye kofia za Mwenyekiti. Alifua foronya ikaondoka, akairudisha kwenye mto ikarudi.

Ngawa alikuja haraka. Alinusa, akatikisa kichwa.

"Mliacha dozi katikati. Uchafu umeamka. Hapa linahitajika sanduku kubwa zaidi."

Angalia ufundi wa biashara hii. Harufu ikiondoka, sanduku limefanya kazi. Isipoondoka, sanduku halijatosha. Ikija mpya, ni ile ya zamani inaaga. Sijawahi kuona muuza panga akiwa na maelezo mazuri kiasi hicho.

Safari hii Mama Siti hakwenda kwa mumewe, alikwenda moja kwa moja kwenye kinu.

"Hicho unachonusa ni nyumba yako mwenyewe iliyobadilishwa," Mzee Buku alimweleza, wakiwa wamekaa juu ya gunia la pumba. "Kila aliyelalia ule mto ameuachia mafuta yake kidogo. Zulia limeachiwa mafuta ya miguu, na mgongo wake una gundi na mpira. Ozoni imeingia humo ikavikata vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyonuka. Wakemia wanaviita aldehaidi. Vingine vimeshatoka hewani siku ile ile. Vingine vimezama ndani ya nyuzi na sponji, vinatoka polepole, wiki kwa wiki, joto likipanda vinatoka zaidi. Gesi imeondoka lakini imeacha kazi yake."

"Na ile ya kwanza, ya kuvu?"

"Ile ilikuwa mjumbe. Ilikuwa inakuambia bati limetoboka."

Mama Siti aliuliza afanye nini, na jibu halikuwa na kipeperushi. Fungua madirisha yote, mchana kutwa, upepo upite huku na kule. Mapazia, foronya na nguo, fua na uanike juani, rudia. Kuta na sakafu, futa kwa maji na sabuni isiyo na manukato. Zulia, toa nje; likikataa kuacha, ligawe kwa adui. Godoro na mito ya sponji usiihesabu. Ukuta wenye kuvu, ukwangue huku umefunga pua na mdomo, ubao uliooza utolewe. Na kabla ya hayo yote, bati.

Bati lilinunuliwa moja. Mwenyekiti alipanda kulipigilia saa nane za usiku, kwa nyundo aliyoifunga kitambaa, na kijiji kizima kililala macho kikimsikiliza kwa adabu.

Wakwe walifika Jumamosi. Zulia lilikuwa nje kwenye kamba, madirisha yalikuwa wazi, lakini Mwenyekiti, kwa kuogopa wageni wasione sebule tupu, alikuwa amerudisha kochi na mito yote kwa siri. Tausi mkubwa, shangazi wa bwana harusi, mwenye pumu ya tangu utotoni, aliketi, akaegemea mto, akaacha sentensi katikati. Alitolewa akihema akaketishwa chini ya mwembe, ambako hewa ilinuka maembe, mbolea ya kuku na moshi wa kuni, na pumzi ikamrudia. Wageni wote wakahamia hapo. Ubwabwa ukaletwa hapo, mchuzi ukaletwa hapo, na Siti, aliyekuwa amefichwa chumbani kama ilivyo desturi, akaletwa hapo pia kwa kuwa chumbani alikuwa anakohoa.

Walielewana kila kitu. Mahari ilitajwa, ikapunguzwa, ikapandishwa kidogo kwa heshima. Yakabaki ya vyombo.

"Mtoto tumempenda," alisema mjomba wa Tausi, akipangusa mdomo. "Sufuria tumeziona, kitanda tumekiona, ahsanteni. Ila godoro na mito, shemeji, msijisumbue. Vibaki."

Bata Mzinga aliinamisha kichwa akakubali. Kisha akapata wazo. Hakutaka wageni watoke mikono mitupu, na kulikuwa na kitu ndani ambacho bado alikuwa akikilipia kila mwisho wa mwezi. Akaagiza sanduku liletwe, limefungwa kwa utepe, akalikabidhi kwa mikono miwili.

"Zawadi ya ukoo wetu kwa ukoo wenu."

Mjomba wa Tausi, ambaye ni mfanyabiashara, alifanya kile afanyacho kila mfanyabiashara akipewa kitu: aliligeuza kuangalia chini. Palikuwa na kibandiko cha Ngawa chenye picha ya ua. Akakibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ya kigeni.

"Hapa pameandikwa nini?"

Macho yote yakamgeukia Kasuku, ndiye katibu, ndiye msomi. Kasuku alikuwa amesema habari za sanduku lile tangu siku ya kwanza, mkutanoni, njiani, hata usingizini, lakini siku zote alikuwa amesema alichosikia. Kusoma hapana aliyekuwa amemwomba. Akavaa miwani.

"Kwa matumizi ya viwandani tu," alisoma. "Hatari kwa afya: hutoa ozoni."

Akavua miwani, akairudia sentensi nzima mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa ndivyo alivyo. Bi Kanga, aliyekuwa ameshalipa nusu ya bei ya sanduku lake, akainuka kwenda kumwangalia Ngawa chumbani uani, akakuta dirisha wazi na baiskeli haipo. Mjomba wa Tausi aliliweka sanduku chini taratibu, mbali kidogo na shangazi, akauliza kama kuna ubwabwa umebaki.